Nusu Saa ya Kwanza Chini ya Mti

Maneno juu ya huduma ya kwanza kwa wachumaji wa karafuu na wakwezi wa minazi



Watu husema ajali haina kinga. Neno hili ni la kweli kwa upande mmoja, maana hapana mchumaji ajuaye asubuhi ni tawi gani litakalomkatikia mchana. Lakini twalitumia vibaya tukidhani kwamba, kwa kuwa ajali haina kinga, basi hata baada ya ajali hapana la kufanya ila kumbeba mtu na kumwombea. Katika makala hii twataka kuonyesha kuwa liko la kufanya, tena kubwa, na kwamba wa kulifanya si daktari wa Kilindoni wala wa Muhimbili. Wa kulifanya ni sisi tulio chini ya mti wakati ule.

Tuanze na mambo ambayo wengi wetu tumepata kuyaona. Kijana yuko juu ya mkarafuu, pakacha limekaribia kujaa. Anavuta tawi kwa ngoe, na mguu wake umekanyaga tawi jingine lililolowa mvua ya alfajiri. Tawi linakatika. Wanawake walioketi jamvini wakichambua karafuu wanasikia kishindo, na watu wanakimbilia. Mmoja amshika mkono wa kulia, wa pili wa kushoto, wamwinua na kumketisha. "Hebu jaribu kusimama tukuone," husema mtu mzima mmoja. Mwingine aleta maji, amnywesha. Kijana hawezi kusimama. Basi huitwa pikipiki, naye hupakiwa katikati, mwenye pikipiki mbele na ndugu yake nyuma akimkumbatia, na kichwa chake huyumba njia nzima.

Hapana hata mmoja kati ya watu hawa aliyefanya neno kwa ubaya. Wote wamefanya kwa huruma na haraka. Lakini yawezekana kijana yule alifika chini akiwa na mfupa uliovunjika tu, mfupa ambao ungeunga, na mikono yetu wenyewe ndiyo iliyomfanya asitembee tena.

Kwa nini mafunzo yetu yawe ya namna yake

Msaada wa kwanza, au huduma ya kwanza kama inavyoitwa sana siku hizi, ni kazi ifanywayo na mtu asiye mganga ili mgonjwa afike kwa mganga akiwa hai na bila ya kuzidishiwa maumivu. Mafunzo yake hutolewa nchini kwetu na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1962, na na watu wengine pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo yataka mahali pa kazi pawe na vifaa vya huduma hiyo.

Lakini mafunzo ya karani wa ofisini hayamtoshi mchumaji. Karani hufundishwa juu ya mtu aliyezirai kwa joto, aliyekatwa na kisu cha karatasi au aliyeunguzwa na chai. Akipiga simu, gari la wagonjwa huenda likafika baada ya muda mfupi. Sisi kazi yetu iko juu angani, na chini tuna panga, na hospitali iko mbali.

Jambo hili wenzetu wa nchi nyingine wameliona zamani. Katika Uingereza, watu wakatao miti na wafanyao kazi misituni hufundishwa huduma ya kwanza iliyo na sehemu ya nyongeza, nayo huitwa kwa herufi F kwa ajili ya neno la Kiingereza lenye maana ya kazi ya misitu. Katika nyongeza hiyo hufundishwa kuzuia damu nyingi inayotoka kwa jeraha la msumeno, kumsaidia mtu aliyeangukiwa na gogo, na namna ya kueleza mahali alipo majeruhi hata wasaidizi wasipotee porini. Tena huhimizwa kila mtu achukue bendeji kubwa mwilini mwake, wala asiiache garini, kwa sababu mtu aliye peke yake na damu inamtoka hana nafasi ya kutembea mpaka kwenye gari.

Basi tujiulize, nyongeza yetu sisi wa Mafia iwe na nini? Mikarafuu yetu si kitu mbele ya ile ya Pemba. Kisiwa chetu ni cha minazi, na mwenye mkarafuu hapa aghalabu ana minazi pia. Kwa hiyo nyongeza yetu yafaa iwe na mambo matano: kuanguka kutoka juu, jeraha la panga, kuangukiwa na nazi au gogo, kuumwa na wadudu au nyoka, na la tano ni safari yenyewe ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 50 hivi. Aliyeanguka Bweni au Kanga ana mwendo mrefu mpaka Hospitali ya Wilaya iliyoko Kilindoni. Aliyeanguka Chole au Juani sharti avuke maji kwanza. Na akihitaji kupasuliwa mgongo, hana budi kuvuka bahari mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili.

Nguvu ya kuanguka

Wengine hudhani mkarafuu si mti wa kuogopwa kama mnazi. Na tufanye hesabu. Mtu aangukaye kutoka futi 30, yaani mita 9 hivi, hufika chini kabla ya sekunde 2 kwisha, na mwendo wake wakati wa kugonga ardhi ni karibu kilomita 48 kwa saa. Ni sawasawa na mtu aliyegongwa na gari lendalo mbio barabarani. Mkarafuu mzima hufikia urefu huo na kupita, na matawi yake ni mepesi kukatika. Mnazi mrefu wa kienyeji hupita mara mbili yake.

Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, ulionyesha kwamba miongoni mwa watu walioletwa na majeraha ya uti wa mgongo, kuanguka kulikuwa sababu kubwa kabisa, hata kupita ajali za barabarani. Kwa hiyo jambo hili si la kisiwa chetu peke yake.

Kwanza tazama, kisha guse

Ukifika chini ya mti, usimrukie mtu. Simama kitambo kidogo utazame juu. Je, liko tawi lililovunjika ambalo bado linaning'inia? Liko panga lililonasa? Yuko mwenziwe aliye juu bado? Mwambie ashuke polepole, maana mtu aliyeshtuka hushuka vibaya, na majeruhi wawili ni mzigo uliozidi nguvu za kikundi.

Kisha mtu mmoja awe msemaji, na wengine wote wamtii. Huyu si lazima awe mwenye shamba wala mkubwa wa umri. Awe yule aliyefundishwa. Mtu wa pili apige simu na aseme mambo manne: ni shamba gani na njia ya kulifikia, ni watu wangapi walioumia, wameumia kwa sababu gani, na hali yao. Mtu wa tatu asimame njiani kulipokea gari. Wengine warudi nyuma, mgonjwa apate hewa.

Damu

La kwanza kulitazama ni damu inayobubujika. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, yaani dumu moja dogo la mafuta ya kupikia. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, dumu hilo laweza kumwagika katika dakika chache tu. Kwa hiyo usingoje.

Chukua kitambaa safi, na kama hakuna, chochote kilicho karibu, kanga au shati. Kiweke juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa viganja vyote viwili. Usifunuefunue kutazama kama imekoma. Kandamiza dakika 10 kamili. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uzidi kukandamiza. Kisha funga kwa bendeji.

Ikiwa jeraha ni la mkono au mguu, na damu haikomi kwa kukandamizwa, hapo ndipo hufungwa mkanda wa kubana damu. Kunja kitambaa kiwe na upana wa vidole vitatu. Kifunge juu ya jeraha, upande wa moyoni, kiasi cha vidole vinne kutoka kwenye jeraha, wala si juu ya goti au kiwiko. Tia kijiti katika fundo, ukisokote mpaka damu ikome, kisha ukifunge kijiti kisirudi. Andika saa uliyofunga, na karatasi hiyo iende na mgonjwa. Usiufungue njiani, kuufungua ni kazi ya mganga. Usitumie waya wala kamba nyembamba, maana hukata nyama na damu isikome.

Wala usitie jerahani majivu, udongo, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Vitu hivi havizuii damu, ila huingiza uchafu. Na kila aliyekatwa na panga lenye udongo, hata kama jeraha ni dogo, akaulize hospitali juu ya sindano ya pepopunda.

Pumzi

La pili ni pumzi. Mwite mtu kwa jina lake. Akijibu, pumzi ipo. Asipojibu, inamisha sikio lako karibu na mdomo wake na utazame kifua chake kwa muda wa sekunde 10. Kama anapumua lakini hana fahamu, hatari yake ni ulimi au matapishi kuziba koo. Mgeuzeni alale ubavu, kichwa, shingo na mgongo vikigeuka kwa pamoja kama gogo moja, na kidevu kikiinuliwa kidogo. Mtu aliyezimia asinyweshwe maji, hata tone moja. Na aliye na fahamu, ikiwa ameanguka kutoka juu, naye asinywe wala asile mpaka aonwe na mganga, kwa sababu huenda akapasuliwa siku ile.

Kama hapumui kabisa, alazwe chali mahali pagumu, na mtu aliyefundishwa akandamize katikati ya kifua chake, kwenda chini kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Katika kila mara 30 hutiwa pumzi 2 kwa mdomo. Asiyejua kutia pumzi na akandamize tu. Haya hayafundishiki vizuri kwa karatasi; yataka mkono uyafanye mbele ya mwalimu.

Na ikitokea kwamba kuokoa pumzi na kulinda mgongo vinapingana, pumzi hutangulia. Mgongo mzima wa mtu aliyekufa haumfai kitu.

Mgongo

Sasa tumefika penye kiini cha makala hii, na twaomba msomaji atuvumilie.

Uti wa mgongo ni kama tasbihi. Shanga zake ni pingili za mfupa, 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua na 5 za kiuno, kisha mifupa ya nyonga. Ndani yake hupita ugwe laini ambao ndio njia ya amri zote kutoka ubongoni kwenda mikononi na miguuni, na njia ya habari zote zinazorudi. Ushanga ukipasuka, mara nyingi ugwe bado mzima. Mfupa huunga. Lakini ukiikunja tasbihi iliyopasuka ushanga, kipande chenye makali hukata ugwe, nao ugwe ukikatika hauungi. Hapo mtu hupooza: miguu peke yake kama ni kiuno au kifua, mikono na miguu kama ni shingo.

Kwa sababu hiyo kila aliyeanguka kutoka mtini na ahesabiwe kuwa amevunjika mgongo, mpaka mganga aseme sivyo. Usimwambie asimame. Usimketishe. Usimvute kwa mikono au kwapa. Usimkande. Mwambie, "Tulia, usigeuze kichwa, tuko nawe." Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishika pande zote mbili kwa viganja, kikae sawa na mwili. Mtu huyo haondoki hapo mpaka mwisho. Mwulize mgonjwa kama anahisi ukimgusa vidole vya miguu, na kama aweza kuvichezesha. Akisema hahisi, au anasikia ganzi au moto miguuni, hiyo ni alama ya kuzidisha uangalifu.

Vitabu vya nchi zenye magari mengi ya wagonjwa husema, usimwondoe kabisa, ngoja wataalamu. Nasi twasema hivyo hivyo, ikiwa gari la hospitali laja. Lakini tujue hali yetu: mara nyingi halitakuja, au haliwezi kuingia shambani. Basi sharti tujifunze kumbeba, na kumbeba kwenyewe ni hivi.

Wanatakiwa watu watano na ubao. Ubao uwe mgumu, urefu wa futi 6 na upana wa futi moja na nusu. Mlango uliotolewa bawabani hufaa sana. Mtu wa kwanza ameshika kichwa, naye ndiye mwenye amri. Watatu wapige magoti upande mmoja: mmoja kwenye bega na kifua, mmoja kwenye kiuno na paja, mmoja kwenye miguu. Wa tano ashike ubao upande wa pili. Mwenye kichwa aseme, "Kwa hesabu ya tatu tunamgeuza. Moja, mbili, tatu." Watatu wamgeuze kwa pamoja kuelekea kwao, na kichwa kifuate mwili bila kupindika. Wa tano asukume ubao chini ya mgongo. Mwenye kichwa ahesabu tena, nao wamlaze ubaoni. Kisha viwekwe vitambaa vilivyoviringishwa pande mbili za kichwa, na mgonjwa afungwe ubaoni kwa kanga au vitambaa vipana, kifuani, nyongani na miguuni, wala si kwa kubana pumzi.

Kitanda cha kamba, ambacho wazee wetu wamekitumia tangu zamani kuchukulia wagonjwa, kina kasoro moja: hulegea katikati, na mgongo hukunjika kama mtumbwi. Kama hakuna ila hicho, laza mlango juu yake kwanza, kisha mgonjwa juu ya mlango.

Mambo haya yakisomwa huonekana marefu. Yakifanywa mara tatu nne uwanjani, hayachukui zaidi ya dakika chache. Lakini watu watano ambao hawajapata kuyafanya pamoja hawataweza siku ya ajali. Kila mmoja atainua kwa wakati wake.

Safari

Pikipiki si chombo cha kumpakia aliyeanguka mtini. Imeokoa watu wengi kisiwani kwa mambo mengine, hatuitukani, lakini humkunja mtu na kumtikisa. Tafuta gari lenye nafasi nyuma, ubao ulazwe chini juu ya godoro au makuti, na mwenye kushika kichwa apande naye. Dereva aende taratibu. Dakika 20 zaidi njiani ni afadhali kuliko shimo moja lililorukwa kwa kasi. Mwenye damu isiyokoma au pumzi ya shida, huyo ndiye wa kukimbizwa, na hata huyo akiwa juu ya ubao.

Kwa walio Chole na Juani, ngalawa ni nyembamba na huyumba. Tafuta mashua pana, ubao ulale sakafuni mwake, na watu wa kushuka naye wawe tayari upande wa pili kabla chombo hakijafika. Simu ipigwe Utende mapema.

Yule anayetembea baada ya kuanguka

Hatari nyingine huja kwa sura ya heri. Mtu ameanguka, ameinuka mwenyewe, anacheka kwa haya, anasema si kitu, na baada ya saa moja anarudi juu ya mti. Tusimkubalie. Wengu au ini likipasuka, damu hutokea ndani ya tumbo na haionekani. Alama zake ni hizi: tumbo kuwa gumu na kuuma, uso kupauka, jasho baridi, kiu kali, mapigo ya moyo kwenda mbio, na pengine maumivu ya bega ambalo halikuumia. Aliyegongwa kichwa naye huenda akawa mzima kwa saa kadhaa kisha akaanza kutapika, kusinzia, kusema maneno yasiyo na maana, au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ya pili. Neno hili lamhusu pia aliyeangukiwa na nazi. "Mwacheni alale apumzike," husema watu nyumbani, naye haamki. Aliyeanguka kutoka juu aende akaonwe siku ile ile, akitembea au asipotembea.

Mifupa, magogo, wadudu na nyoka

Mkono au mguu uliovunjika usinyoshwe. Uache jinsi ulivyo na uufunge kwa banzi, yaani kipande cha ubao au mti wa kuti uliokauka, kilichozungushiwa nguo, kipite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mahali palipovunjika. Kisha tazama vidole: vikiwa baridi na vyeusi, umefunga mno. Mfupa ukitokeza nje, ufunike kwa kitambaa safi wala usiurudishe. Wako mafundi wa mifupa vijijini ambao watu huwaamini. Na waheshimiwe, lakini picha ya hospitali itangulie kabla ya mkono wa mtu yeyote kuvuta.

Siku hizi minazi mizee hukatwa kwa msumeno wa injini ili ipasuliwe mbao. Aliyelaliwa na gogo atolewe upesi kwa miti ya kupandia, na hospitali iambiwe amekaa chini yake kwa dakika ngapi, kwa sababu nyama iliyobanwa muda mrefu huingiza sumu katika damu.

Maji moto twawajua wote. Huilinda minazi na wadudu wabaya, lakini wakimwingia mkwezi machoni na shingoni, huachia mkono. Mwenye kuzidiwa na wadudu au kizunguzungu akiwa juu asikimbilie kushuka. Akumbatie shina, ajifunge kwa kamba au kikoi chake, aite, na mwenzake ampandie. Aliyeumwa na nyuki akuliwe miiba upesi. Akivimba midomo na koo, au pumzi ikimpiga mluzi, ni mtu wa hospitali mara moja, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kubana. Avuliwe pete na bangili, mguu au mkono ule ufungwe banzi usitikisike, naye abebwe. Asitembee wala asikimbie.

Kisanduku na ubao

Twashauri kila kikundi cha wachumaji kiwe na kisanduku chenye vitu hivi: bendeji kubwa 4 za kukandamiza damu, bendeji za kuviringisha, vitambaa vya pembe tatu 4, mkanda mpana wa kubana damu, mikasi, glavu, sabuni, chupa ya maji safi, kalamu na daftari, na tochi. Ndani ya kifuniko iandikwe namba ya simu ya hospitali, ya zahanati iliyo karibu, na za watu wawili wenye magari ambao wamekubali kuitwa saa yoyote. Visitiwe vidonge, vidonge ni kazi ya mganga. Kisanduku kikae shambani, si nyumbani kwa mwenye shamba, wala kisifungwe kwa kufuli.

Na kando ya kisanduku uegemee ubao. Huu ndio ushauri wetu wa rahisi kuliko yote, na huenda ndio mkubwa kuliko yote.

Nani afundishwe

Kosa lililozoeleka ni kumpeleka mafunzoni msimamizi mmoja, akarudi na cheti. Siku ya ajali msimamizi yuko mjini. Mchumaji hodari naye hatoshi, maana huenda ndiye aliyeanguka. Tutazame ni nani walio chini ya mti kila siku: ni wale wanaochambua, na wengi wao ni wanawake, na vijana wanaobeba makapacha. Hao ndio wafundishwe kwanza, wote pamoja, kwa Kiswahili, shambani, mti ukiwa mbele yao na mlango ukiwa mikononi mwao. Na mafunzo yarudiwe kila mwaka kabla ya msimu, kwa maana mkono husahau upesi kuliko kichwa.

Katika Unguja na Pemba pamekuwa na utaratibu wa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kuwalipa fidia watu walioumia kwa kuanguka mikarafuuni. Ni jambo jema, na yafaa nasi tulizungumze siku nyingine. Lakini fidia huja baada ya mgongo kuvunjika. Fedha yaweza kumnunulia mtu kiti cha magurudumu. Haiwezi kuunga ugwe uliokatika.

Kwa hiyo twaomba kila tawi la chama chetu, katika mkutano wake ujao kabla ya msimu, lijibu maswali matatu na kuandika majibu katika daftari. Kisanduku chetu kiko wapi? Ubao wetu uko wapi? Na watu wetu watano ni nani? Tawi lisiloweza kujibu halijawa tayari kupandisha mtu mtini. Lililoweza, na liwaite watu hao watano siku ile ile, kijana mmoja alale chini kwa hiari yake, nao wamgeuze, wamlaze ubaoni na wamfikishe mpaka njia kuu. Atakayecheka na acheke, maana siku ya mchezo ndiyo siku ya kukosea.